Hesabu ya Mizani Kabla ya Majina

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akipewa shairi, mara nyingi kazi yake ya kwanza ni kulipa jina: mishororo mitatu ni tathlitha, minne ni tarbia, mitano ni takhmisa. Akishataja anapata alama, na shairi linafungwa kabla halijasikika. Naona mpangilio huo umeanzia mwisho. Umbo la shairi ni matokeo ya maamuzi, na maamuzi hayo huonekana vizuri zaidi pale mtunzi alipobanwa na mizani.

Chukua kipande cha mizani 8, ambacho ni nusu ya mshororo wa kawaida wa tarbia. Tuseme mtunzi anataka kuanza na "siku ile iliyopita". Mwanafunzi ahesabu kwa vidole: si-ku-i-le-i-li-yo-pi-ta. Ni 9; moja imezidi. Aulizwe atatoa nini. Akiondoa "ile" anabaki na 7, tena ameipoteza siku mahususi anayoikumbuka msimulizi. Akisema "siku ile ilopita", 8 zimetimia na maana haijapungua. Hiyo ndiyo inkisari, na aliyeifikia kwa kubanwa hana haja ya kuikariri. Kisha atazame mbele: kipande kimeishia kwa "ta", kwa hiyo vina vya kati vya mishororo inayofuata vimeshaanza kumdai. Neno moja la mwanzo limefunga njia nyingi na kufungua chache, na hapo ndipo ufundi wa utunzi unapofanyika.

Wapo walimu watakaosema kwamba kumzoesha mtoto "ilopita" ni kumharibia sarufi. Hofu hiyo ina msingi, maana mtihani wa insha hautamsamehe. Lakini umbo hilo halikuzuliwa na washairi. Watu wa pwani hulitumia katika mazungumzo yao ya kila siku. Mtunzi amechagua kati ya maumbo mawili yaliyo hai, na kujua pa kutumia lipi ni sehemu ya kuijua lugha.

Vina navyo vina sababu zake, na sababu hizo ni za sikio. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na tenzi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu. Katika kila ubeti vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Msikilizaji asiye na karatasi mkononi anajua ubeti umekwisha.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye mashairi huru. Miaka 20 baada ya Amri Abedi kutoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, mshairi Kezilahabi alichapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, akaonyesha kwamba ushairi unaweza kusimama bila vina na urari wa mizani. Ya nini basi kuhesabu? Ni kwa sababu mtunzi wa shairi huru naye huamua akate mstari wapi, na sikio lililozoea 8 kwa 8 ndilo linalogutuka anapokata mapema. Mwanafunzi arudishiwe maneno yale bila sharti la mizani: aandike "siku ile" peke yake, na "iliyopita" mstari wa chini. Silabi ya tisa imerudi, na sasa inambidi aeleze kwa nini msomaji asimamishwe pale.