Mihogo haivutwi na namba

Wandugu, mtu anamaliza lisansi, kazi hakuna, anaamua kununua pikipiki ya taksi. Swali la kwanza ni lile lile: "Iko ya 125 ama ya 150?" Na deni linaingia juu ya hiyo namba. Mimi naona tumeipa heshima isiyo yake.

125 ni ukubwa wa silinda, basi. Nguvu ni habari ingine. Ulaya, leseni ya A1 inaruhusu 125 ya kilowati 11, ni kusema karibu farasi 15. Japani, tangu Aprili 2025, 125 iliyobanwa mpaka kilowati 4 inaendeshwa kwa leseni ya zile ndogo za 50. Silinda moja, nguvu karibu mara tatu! Hapo sheria ya inchi ndiyo inaamua, si chuma.

Huku kwetu tulipata njia ya tatu. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125 kwa inchi ambako matengenezo ni shida: injini rahisi, farasi kama 11, fundi anaifungua chini ya mwembe. Wachina waliiga, wakaiga tena. Wengine wanaiita ya kimaskini. Ni dharau ya bure, juu ilitengenezwa hivyo kwa akili.

Sasa tuangalie karatasi ya muuzaji. Boxer 150 ya Bajaj (ndani silinda ni 144,8, kumbe hata 150 haifike) inaandikwa farasi 12 kwenye mizunguko 7.500 kwa dakika. Nani, na mifuko miwili ya mihogo mikavu, kwenye mchanga wa barabara ya Nyunzu, anafika 7.500? Nguvu ya kuvuta, yenyewe, inafika juu kwenye 5.000. Huo ndio mstari wa kusoma, na ndio tunauruka. Sisi wa agronomia tunajua mchezo huu: tani zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbegu ni za shamba la majaribio, lenye mbolea na maji kwa wakati.

Tena hizo farasi 12 ni za hewa nzito ya chini. Injini ya kabureta inapoteza karibu asilimia 10 kila mita 1.000 za kupanda. Kalemie, kwenye mita karibu 770, zinabaki kama 11. Bukavu, kwenye 1.500 hivi, ni 10 na kidogo. Ndugu wa Bukavu akilalamika pikipiki yake ni zembe kuliko yako, usimcheke.

Motari wazee hawabishani juu ya farasi. Wanaweka pinyo ya nyuma yenye meno mengi zaidi: mbio inapungua, mlima unapandika. Bei yake ni kidogo sana mbele ya tofauti ya 125 na 150. Ningependa muuzaji aandike hesabu ya hayo meno kwenye karatasi yake, pembeni ya farasi.