Sanamu Zisizo na Majina: Uhakiki wa Bustani ya Vigeland Mjini Oslo

Katika mji wa Oslo, makao makuu ya Norwei, iko bustani kubwa iitwayo Frogner, na ndani yake zimesimama kazi za mtu mmoja, Gustav Vigeland, aliyezaliwa mwaka 1869 na kufariki mwaka 1943. Sanamu zake za shaba nyeusi na za matale hupita 200, mbali na malango ya chuma na taa alizozibuni yeye mwenyewe. Bustani haina kiingilio, wala haifungwi usiku. Wageni waitembeleao hurudi na sifa moja: kwamba pale mtu hahitaji maneno, kwa kuwa sanamu zile zasema na kila taifa katika lugha ya mwili. Sifa hiyo imerudiwa mara nyingi mno hata hakuna tena aitazamaye. Walakini kila dai la kwamba maneno hayahitajiwi ni dai liwahusulo wachunguzi wa lugha kuliko watu wengine wote, na yafaa lipimwe.

Neno "bustani" lenyewe lina safari yake. Lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, likafika pwani. Na kwa asili yake ni mahali penye harufu nzuri. Waswahili wa zamani walikuwa na neno jingine lifaalo zaidi kwa Frogner ya kale, nalo ni "kiunga," yaani shamba la miti ya matunda na starehe pembezoni mwa mji. Frogner ilikuwa kiunga hasa: mali ya matajiri, yenye jumba, mabwawa na bustani ya maua, mpaka halmashauri ya mji ilipoinunua mwaka 1896. Mji ulipokua ukaizunguka, na kiunga kikawa bustani ya watu wote. Kiswahili cha leo, ambacho kimezoea kuita nyika ya wanyama "mbuga" na uwanja wa mjini "bustani," hakijapata neno moja la mahali palipo vyote viwili: pori lililofugwa, na mji uliopumzika. Hilo lipite kwa sasa.

Mwaka 1921 mji na mchongaji walifanya mapatano ya ajabu. Mji ulimjengea Vigeland nyumba ya kufanyia kazi na kuishi. Naye akaupa mji kazi zake zote, zilizokwisha na zijazo. Nyumba hiyo ndiyo makumbusho yake leo, na majivu yake yamehifadhiwa katika mnara wake. Ni wachongaji wachache duniani waliopata kuandika, kwa mawe, kitabu kizima bila ya kuingiliwa na mhariri. Na hapo ndipo wema na ubaya wa bustani ile ulipoanzia. Kutoka lango kuu mpaka sanamu ya mwisho, Gurudumu la Maisha, ni mstari mmoja wa meta 850: lango, daraja lenye sanamu 58 za shaba, chemchemi, ngazi za mviringo zenye makundi 36 ya matale, nguzo kuu, kisha Gurudumu. Mtembezi hana hiari ya kupanga. Asemaye kwamba bustani hii haina maneno amesahau kwamba ina sarufi, tena sarufi kali. Kila kikundi kina nafasi yake katika sentensi, na sentensi husomwa kwa upande mmoja tu, kutoka utotoni mpaka mautini na kurudi tena.

Vigeland hakupenda kuzipa sanamu zake majina wala kuzieleza. Alizivua nguo, kwa kuwa nguo humtaja mtu kabila, cheo na zama zake; akazinyima na majina, kwa sababu iyo hiyo. Lakini watu hawakuvumilia. Mtoto mdogo wa kiume aliyesimama darajani, ngumi zimekunjwa na mguu mmoja umeinuliwa ili kuupiga chini, ameitwa na wenyeji Sinnataggen, jina la utani la mtu mwepesi wa hasira. Na kwa wingi wa kushikwa, mkono wake mmoja umeng'aa kama dhahabu wakati mwili uliosalia ni mweusi. Ushahidi mzuri kuliko huu ni shida kuupata. Miongoni mwa sanamu 58 za daraja, iliyopendwa kupita zote ni ile ambayo watu waliipa jina kinyume cha desturi ya aliyeiumba. Nyingine hutazamwa, ile husalimiwa.

Lenye kusifiwa bila ya masharti ni chemchemi. Vigeland aliionyesha kwa mfano mdogo mwaka 1906, na hapo kwanza ilikusudiwa kusimama mbele ya Bunge, katikati ya mji. Majitu sita yamebeba sinia kubwa la maji. Kuzunguka birika iko miti 20 ya shaba, na katika kila mti yumo mtu au watu: watoto waliojazana matawini kama ndege, msichana aliyesimama kati ya mashina kana kwamba asikiliza, mzee ashikiliaye tawi asije akaanguka. Hapa mchongaji hakuhubiri. Mti wa shaba umepandwa mbele ya miti ya kweli, na majira huifanyia ile ya kweli yale ambayo ile ya shaba haiwezi: majani huchipua, hugeuka manjano, huanguka, kisha theluji huja na kuikalia yote sawasawa. Atazamaye katika baridi ya Januari humwona mtoto wa shaba amevaa kofia nyeupe ambayo Vigeland hakumvisha. Mtu wa pwani, ambaye majira yake ni masika na kiangazi, kusi na kaskazi, hujifunza hapo zaidi habari za kuzeeka kuliko katika makundi yote 36 ya ngazini. Waridi za bustani, ambazo hutajwa kuwa takriban 14,000 za namna 150, zimepangwa kwa mistari ya askari. Ni nzuri, lakini zatii mno.

Sasa nguzo. Wanorwei huiita Monolitten, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya jiwe moja, na msomaji ataona kwamba hilo ni jina la jiwe, si la watu waliomo. Waliomo ni 121, uchi, wamesongamana na kupanda juu kwa kimo cha meta 14.12. Chini wamelala wengine kama wafu; juu kabisa ni watoto. Vigeland alifinyanga kielelezo chake kwa udongo katika miaka ya 1924 na 1925; kisha wachonga mawe watatu, Nils Jönsson, Karl Kjær na Ivar Broe, wakalichonga tale kutoka mwaka 1929 hata 1943. Miaka 14 ya nyundo na patasi ni umri wa kumlea mtoto mpaka akabaleghe. Walakini bustani haiitwi kwa majina yao, na wageni wengi huondoka hawakuyasikia.

Mtazamaji atokaye Tanzania au Msumbiji hawezi kuiona nguzo hii asikumbuke kazi za Wamakonde. Yako maumbo ya mpingo ambamo watu wamepandana katika gogo moja, kila mmoja amemshika mwenziwe, na mikono na miguu imepishana hata mwanga hupita katikati. Wachongaji wenyewe waliyaita dimoongo, neno lielekealo maana ya nguvu, na Roberto Yakobo Sangwani hutajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wake mjini Dar es Salaam. Baadaye, siasa ya Ujamaa ilipotangazwa kwa Azimio la Arusha mwaka 1967, maumbo hayo yakapewa jina la siasa hiyo, na kwa jina hilo yakauzwa ulimwenguni.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba mmoja alimwiga mwingine. Faida ya kulinganisha ni kuona tofauti. Katika gogo la Mmakonde, abebaye yuajua ambebaye nani: kiganja chake kimeshika unyayo wa mtu mahususi, na mara nyingi watu wale wana shughuli, huyu atwanga, huyu amejitwika, yule amempakata mtoto. Katika nguzo ya Oslo miili yasukumana kuelekea juu kama maji ya bomba. Macho mengi yamefumbwa. Wako wakumbatiao na kuinuana, na hao ni wazuri. Lakini jumla yao yaonyesha kani moja isiyo na mwenyewe. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 wako wahakiki waliosema kwamba bustani hii yanuka utawala wa mabavu. Shutuma hiyo yakosea katika tarehe, maana umbo la nguzo lilikwisha fikiriwa kabla Hitler hajashika serikali mwaka 1933. Hata hivyo haikuzuka bure. Umati ambao hakuna ndani yake amjuaye jirani yake ni kitu ambacho mtawala wa namna ile angeliweza kukipenda.

Wala jina la Ujamaa halikuwa neema tupu kwa Wamakonde. Kabla ya jina hilo gogo lilisema habari za nguvu na za ukoo. Baada yake likalazimika kusema habari za sera, na mnunuzi akalisoma hivyo. Basi hapa pana hatari mbili zilizokaa mkabala: umbo lisilo na jina, ambalo kila mtu hulitia maana apendayo, na umbo lililopewa jina na mwingine, ambalo haliruhusiwi tena kusema jingine. Vigeland aliikimbia ya pili akaangukia ya kwanza.

Hapo lugha ya Kiswahili ina deni lake. Mwandishi wa Kiswahili akiandika habari za Oslo, huandika "sanamu", akiandika habari za Mmakonde, huandika "kinyago." Kwa nini? Mpingo na tale ni vitu mbalimbali, lakini tofauti ya maneno haikufuata tofauti ya vitu, kwa kuwa sanamu ya mti ya kanisani haiitwi kinyago. "Sanamu" lilitoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa jina la mungu wa kuchongwa. Likaingia Kiswahili likapoa, likachukua picha, umbo la mtu, na hata mwanasesere. "Kinyago" lina udugu na unyago, mafundisho ya jandoni na ya wali, tena ni jina la umbo la kutishia na la kuchezea. Maneno yote mawili, basi, yalikuwa ya ibada na siri. Moja likapandishwa cheo, jingine likaachwa sokoni miongoni mwa vitu vya watalii. Mhakiki atumiaye maneno haya bila ya kuyapima huwa amekwisha toa hukumu kabla ya kutazama. Ni haki gogo la dimoongo liitwe sanamu, au nguzo ya Oslo iitwe kinyago. Na jaribio la pili lina manufaa zaidi, kwa kuwa lamfanya msomaji aulize nini kilichofundishwa pale, na nani aliyefundishwa.

Yako mambo mengine ya Frogner ambayo vijitabu vya wageni huyapita upesi. Mwaka 1914, mji ulipokuwa bado waitwa Kristiania, yalifanywa hapo maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya katiba ya Norwei. Miongoni mwa vivutio vyake palikuwapo "Kijiji cha Kongo": vibanda vilivyojengwa makusudi, na ndani yake Waafrika 80 walioletwa wakae, wapike, wafanye kazi za mikono na kutazamwa kwa malipo. Maonyesho yote yalipata watazamaji kama milioni 1.4. Wale waliotazamwa hawakuwa watu wa Kongo. Hutajwa kwamba wengi wao walitoka Senegal. Jina la kijiji, basi, lilikuwa la uongo tangu ubaoni, na majina ya watu wenyewe hayakutakiwa na wateja.

Mwaka 2014 wasanii wawili, Mohamed Ali Fadlabi, mzaliwa wa Sudan, na Lars Cuzner, walikijenga upya kijiji kile katika bustani iyo hiyo, kwa jina la European Attraction Limited, wakaita watu wa kujitolea kutoka popote waje wakae ndani. Waliolaumu walisema kwamba aibu haiponywi kwa kurudiwa. Waliotetea walisema kwamba Wanorwei wengi hawakuwa na habari ya jambo lile kabisa. Wenye lawama walikuwa na hoja nzito. Lakini kwa upande wa uhakiki kazi yao ilifanya jambo moja ambalo hakuna aliyelifanya kabla yao: iliweka, hatua chache za matembezi kutoka nguzo ya watu wote, kumbukumbu ya watu 80 ambao hawakuhesabiwa humo. Miili ya Vigeland ni ya kaskazini, kwa nywele, kwa pua na kwa nyonga. Na hilo si kosa, kwa maana mchongaji huchonga watu wa kwao, kama Mmakonde achongavyo wa kwake. Kosa ni la wale wasemao kwamba kwa kuvuliwa nguo wamekuwa watu wa kila mahali.

Mfasiri atakayeandika mwongozo wa bustani hii kwa Kiswahili atakwama penye neno la Kinorwei "menneske," ambalo hutumika sana katika maelezo ya nguzo. Kamusi itampa "binadamu." Neno hilo ni la jumla, lakini ndani yake limo jina la mtu: ni mwana wa Adamu, na mwenye baba atajwaye si mtu asiye na jina. Kwa nguzo ya Vigeland lafaa "watu" tu, katika wingi wake usio na ukoo. "Binadamu" na liwekwe akiba kwa mtoto wa darajani mwenye mkono uliong'aa, na kwa wale 80 wa mwaka 1914.