Barua ya Papa Gregori na siku kuu za wapagano

Tukibishana juu ya siku kuu zenyi asili ya kipagano, sisi mapadri tunapenda kutaja barua moja: ile ambayo Papa Gregori Mukubwa alimuandikia Mellitus mwaka 601. Wengine wanaitaja kwa kuruhusu kila desturi. Wengine wanaogopa kuitaja. Tumeisoma tena, na tunaona kwamba hawa na wale wanasoma nusu tu.

Tukumbuke habari yenyewe. Augustino, monaki wa Roma, alifika Kent, katika Uingereza, mwaka 597. Mwaka 601 Papa akatuma wengine kumusaidia, na Mellitus kati yao. Kwanza alimuandikia mufalme Ethelbert abomoe nyumba za sanamu. Kisha wiki chache, akamuandikia Mellitus, aliyekuwa njiani, shauri lingine: sanamu zivunjwe, lakini nyumba, kama zimejengwa vizuri, zibaki, zinyunyiziwe maji ya baraka, na altari zijengwe ndani. Na kwa kuwa watu walizoea kuchinja ngombe kwa heshima ya mashetani, sasa wajenge vibanda vya matawi kando ya kanisa siku ya kulibariki ao siku kuu ya wamartiri, wachinje na kula kwa kumushukuru Mungu. Beda ametutunzia barua hii katika historia yake ya Eklezya ya Waingereza.

Uzuri wake ni nini? Papa hakuona haya kugeuza shauri lake. Tena hakusimama juu ya swali hili: desturi inatoka wapi? Alitazama ngombe anachinjwa kwa heshima ya nani. Ndivyo tunavyopashwa kutazama Noeli pia. Kaisari Aureliano alilijengea Jua hekalu ku Roma mwaka 274, na kitabu cha kalenda cha mwaka 354 kinaweka tarehe 25 ya mwezi wa 12 kuzaliwa kwa Jua na kuzaliwa kwa Kristu. Wenyi elimu hawapatani: wengine wanasema wakristu walitwaa siku ya wapagano, wengine, kwamba walihesabu miezi kenda toka tarehe 25 ya mwezi wa 3, hesabu ambayo Mutakatifu Augustino wa Hippo aliijua. Hata kama wale wa kwanza wana haki, anayeabudiwa siku ile ni Kristu.

Lakini wanaoruhusu yote wasifurahi upesi. Gregori aliamuru sanamu zivunjwe. Na Papa Leo Mukubwa, katika hotuba ya Noeli, aliwalaumu wakristu waliopanda ngazi za kanisa la Mutakatifu Petro, kisha wakageuka kuliinamia jua. Siku ilikuwa imebatizwa, roho zao bado.

Kuna jambo moja katika barua ambalo hatulikubali lote. Kwa Gregori, desturi za Waingereza ni ngazi ya watu wenyi roho ngumu, wapande pole pole. Hasemi kwamba ndani yake kunaweza kuwa zawadi. Konsilio ya pili ya Vatikano, katika hati juu ya liturgia ya mwaka 1963, ilikwenda mbali zaidi: Eklezya inaheshimu mali ya roho ya mataifa, na isiyofungwa na ushirikina inaweza kuipokea hata katika liturgia. Ndiyo njia ya misali ya majimbo ya Zaire, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, na ambamo babu zetu wenyi moyo mwema wanatajwa pamoja na watakatifu.

Sisi wenyewe tulikosa. Katekista mumoja alituuliza kama wakristu wa kijiji chake wanaweza kumupelekea muzee mahindi ya kwanza pamoja na wengine. Tulijibu hapana, bila kutazama. Wakaenda usiku, kwa kificho, na Jumapili wakakaa nyuma bila kukomunika. Mwaka uliofuata tulikwenda kuketi na wazee. Tukasikia sala mbili: moja ya kumushukuru Mungu aliyeleta mvua, nyingine ya kuwaomba wafu wamulaani adui. Leo ile ya kwanza inasemwa kanisani, na vikapu vya mahindi viko mbele ya altari. Ya pili imekatazwa, na wazee wenyewe wanajua sababu.

Wandugu waseminari, nanyi wakatekista, mutaulizwa maswali kama haya. Musijibu toka mbali. Mwende kwanza kusikia sala inayosemwa, na jina linaloitwa.