Kukomboa: Uhakiki wa Masimulizi ya Ziara za Maeneo ya Uhalifu, kwa Kuitazama Ubwari

Ziara ya gari katika maeneo ambamo magenge ya wahalifu yalitamba zamani ni utanzu wa masimulizi, ijapokuwa wahakiki wa fasihi wameuachia watu wa utalii. Una msimulizi, ambaye ni dereva au kiongozi. Una hadhira iliyolipa nauli. Una msuko unaopangwa na barabara. Na, jambo lililo zito kuliko yote, una mhusika mkuu. Makala haya yanauhakiki utanzu huo kwa kuujaribisha mahali ambapo haujapata kuzoeleka: Ubwari, yaani eneo la Fizi na Baraka katika Kivu ya Kusini, ambako biashara ya watumwa, magendo ya dhahabu na pembe, na utekaji wa watu kwa fidia vyote vilipita juu ya maji yaleyale ya Ziwa Tanganyika.

Mfano unaojulikana zaidi ni Chicago. Kituo chake mashuhuri ni 2122 North Clark Street, ambapo tarehe 14 Februari 1929 watu saba walipigwa risasi ndani ya gereji. Gereji hiyo ilibomolewa mwaka 1967. Msafiri anayeshusha kioo cha gari leo hutazama kiwanja cha majani, na ukuta wa mauaji hujengwa upya kwa maneno ya dereva peke yake. Kwa upande wa fani, hakuna haja ya kuubeza ustadi huo. Watambaji wa hadithi wanaufahamu tangu kale. Kasoro iko katika maudhui. Mhusika mkuu ni Al Capone, kofia yake, biri yake na kesi ya kodi iliyomfunga mwaka 1931. Mwenye duka aliyelipishwa kwa nguvu ili duka lisichomwe hana kituo chake. Miji mingine imejaribu kumbadilisha mhusika mkuu. Huko Palermo, vuguvugu la Addiopizzo lililoanza mwaka 2004 limewaongoza wageni kwenye maduka yaliyokataa kuwalipa mafia. Huko Medellín, jengo la Mónaco lililokuwa makazi ya Pablo Escobar lilibomolewa tarehe 22 Februari 2019, na mahali pake pakafanywa bustani ya kuwakumbuka waliouawa. Hapo gari linasimama palepale, lakini hadithi imepata mwenyewe mwingine.

Tukio likihamia Ubwari, jambo la kwanza linaloshindwa ni gari lenyewe. Barabara ya taifa namba 5 hutoka Uvira, ikapita Makobola na Mboko, ikafika Baraka, kisha ikapanda milimani hadi Fizi. Kwa msafiri anayeelekea kusini, ziwa liko mkono wa kushoto karibu njia nzima, na ziwa hilo ndilo lililokuwa barabara ya wale anaotaka kusikia habari zao. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyefahamika zaidi kwa jina la Rumaliza, alieneza nguvu zake upande wa kaskazini wa ziwa akiwa na makao yake Ujiji. Watu na pembe zilisafiri kwa mashua na mitumbwi. Dhahabu ya Fizi nayo imevushwa kwa maji, pamoja na kwa njia za nchi kavu. Aliye ndani ya gari hapo Baraka huiona rasi ya Ubwari ng'ambo ya Ghuba ya Burton kama ukuta wa buluu, basi. Hata macho ya majini yalikosea: Richard Burton alipopita mwaka 1858 aliiandika Ubwari kuwa kisiwa.

Barabara hiyo ina hatari nyingine pia. Makobola ilipata mauaji ya mamia ya raia mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999. Hayo yalikuwa mauaji ya vita. Msimulizi atakayeyaingiza katika orodha ya vituo vya walanguzi na watekaji, kwa sababu tu gari linapita hapo, atakuwa amefanya kosa la utanzu na kosa la heshima kwa pamoja. Barabara haina haki ya kuwa mtunzi.

Hata hivyo, ugumu wa Ubwari haumo katika barabara. Umo katika msamiati, na ndiyo maana jambo hili linawahusu wanaisimu. Litazamwe neno magendo. Hadi mwaka 1982, katika Zaire ya Mobutu, mchimbaji mdogo aliyekutwa na dhahabu bila kibali alikuwa mvunja sheria. Mwaka huo sheria ya madini ilirekebishwa, uchimbaji na uuzaji wa watu binafsi ukaruhusiwa, na mtu yuleyule, mwenye koleo lilelile, akawa mchimbaji halali. Kiongozi wa ziara atakayesema kwamba hapa palikuwa na magendo analazimika kutaja mwaka.

Neno maquis lina safari ndefu zaidi. Wafaransa walilitoa Corsica, ambako lilikuwa jina la kichaka na, kwa hiyo, la maficho ya waliokimbia sheria. Katika Vita Kuu ya Pili likawa jina la wapiganaji waliompinga Mjerumani. Wilungula B. Cosma alilitia katika jina la kitabu chake juu ya Fizi ya 1967 hadi 1986, kilichochapishwa mwaka 1997, yaani mwaka uleule ambao Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa akawa rais. Neno moja limewahifadhi jambazi na mpigania uhuru katika kichaka kimoja. Hewa Bora, makao ya chama cha Kabila, PRP, katika milima ya Fizi, ni hivyohivyo: kabla ya Mei 1997 pangeweza kuelezwa kama pango la waasi wanaouza dhahabu na pembe, na baada ya hapo kama chimbuko la dola. (Jina hilohilo lilikuja kubebwa na shirika la ndege, maficho machache yamepanda juu kiasi hicho.)

Lakini neno linalopaswa kuwa kituo kikuu cha ziara yoyote ya Ubwari ni kitenzi kukomboa. Mnamo 1883 Mapadri Weupe walifungua misheni Kibanga, karibu na rasi hiyo. Walitoa bidhaa, wakapewa watu, nao wakakiita kitendo hicho kuwakomboa watumwa. Aliyepokea bidhaa alikiita kuuza. Kwa mtoto aliyekabidhiwa, mkono uliompokea ulikuwa mwingine, ila bei ilikuwa imelipwa kama siku zote. Kisha, usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wapatao arobaini walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire, wakaingia kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe nchini Tanzania, wakawateka watu wanne. Mmoja aliachiwa mapema ili apeleke madai ya PRP. Fedha zilitolewa, na kabla ya mwaka kwisha wote walikuwa huru. Hao nao walikombolewa. Hatimaye, mwaka 1996, Kabila alirudi na muungano uliobeba neno ukombozi katika jina lake, na safari hii kilichokombolewa kilikuwa nchi.

Mzizi ni mmoja, na kila mara kuna anayelipa. Kamusi haioni tatizo hapa, kwani maana zote tatu ni sahihi. Tatizo huanza pale msimulizi anapotumia maana tukufu ili kuifunika ile ya soko. Masimulizi ya Gombe yaliyoenea duniani yanaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili: yamekaa kwa watafiti na hofu yao, ambayo ilikuwa ya kweli na inastahili kusimuliwa, lakini mwanakijiji wa Fizi aliyeishi miaka yote hiyo kati ya PRP na jeshi la Mobutu hajitokezi hata kama mpita njia. Chama kilichodai fidia ya wageni wanne kilikuwa pia kinawatawala watu wa milima hiyo. Hao hakuna aliyeandikiwa barua ya madai kwa ajili yao. Ziara ya mtindo wa Chicago ingempa Kabila nafasi ya Capone, nayo ingefaulu sana kibiashara.

Kama gari halifai, wako wasimulizi wanaofaa, ila wengi wao hawapo kando ya barabara namba 5. Tangu mwaka 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa na kuishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Walipita kwa maji njia ambayo dhahabu na mateka walipitishwa, na kwa wengi wao nauli ya mtumbwi ndiyo iliyokuwa fidia. Mtafiti wa fasihi simulizi anayetaka masimulizi ya Ubwari hana budi kuyasikiliza pia ng'ambo hiyo.

Na atakaposikiliza, atege sikio kwenye kauli ya kutendwa. Kiswahili kinaruhusu kusema watu walitekwa, dhahabu ilivushwa, mateka walikombolewa, sentensi zikawa kamili bila mtenda. Dereva wa ziara huipenda kauli hiyo, maana haimgombanishi na mtu. Ng'ambo ya ziwa msikilizaji ana nafasi ya kuuliza kiunganishi kifupi kilichoachwa nje: walitekwa na nani, ilivushwa na nani, walikombolewa na nani, na kwa fedha ya nani.