Korona ya wakubwa na korona ya Koko



Juma iliyopita mumoja wetu aliandika hapa kwamba viongozi walivunja kanuni za korona juu ni wanafiki, ndiyo tabia yao, basi tuachane na habari hiyo ya zamani. Wengi waliweka alama ya kucheka. Mimi sikucheka. Munivumilie nieleze sababu, hata kama itakuwa ndefu kidogo.

Mwezi wa tano 2020 nilikuwa hapa nyumbani Kashebere. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu mwezi wa tatu, na nilikuwa nimetoka Goma siku chache tu mbele gavana Carly Nzanzu afunge muji. Watu wa afya walinitafuta niwe reko, wakasema mutoto wa shule anajua kusoma, ataeleza wazazi vizuri. Nilipewa daftari, bic na maneno ya kusema: nawa mikono, vaa kashene, musikusanyike zaidi ya 20. Malipo hakuna. Lakini nilijiona mutu.

Ndipo mama ya mama yangu, ambaye wote tulimwita Koko, akakufa. Hakukufa na korona, alikufa na uzee na presha. Kanuni za Raisi za tarehe 18 mwezi wa tatu zilikuwa wazi: vilio haviruhusiwi manyumbani wala katika masalle, maiti itoke morgue moja kwa moja mupaka makaburini, na wasindikizaji wachache. (Morgue! Sisi na morgue wapi na wapi? Aliyeandika ile alikuwa anawaza Kinshasa.) Mimi, reko, nilisimama kwa mulango wa kiwanja chetu nikahesabu watu. Nilipofika 20 nikafunga. Mama mukubwa, mutoto wa kwanza wa Koko, alikuwa ametembea kwa miguu kutoka upande wa Nyabiondo tangu giza ya asubuhi. Alifika akiwa wa 23. Nilimwambia abaki barabarani. Alibaki. Alilia mama yake akiwa chini ya mugomba, ngambo ya barabara, na mimi niliona nimefanya kazi ya Leta vizuri sana.

Hazikupita wiki sita, mukubwa mumoja wa Leta alifiwa na muzazi wake. Jina sitaji, wala kazi yake, wala fasi, ila haikuwa Kashebere. Hali ya dharura ilikuwa bado. Kilio kilifanya siku tatu. Mahema, ng'ombe, mbuzi, Primus kwa makasha, kasiksi kwa mabidon. Polisi walikuwa mulangoni kweli, lakini walikuwa wanapanga majipu, hawakuhesabu mutu. Nilijua yote hayo juu nilikuwa ndani. Mujomba aliniambia mwenye kutafuta kazi hawezi kukosa kilio kama kile. Nilikula nyama, nikapiga picha, nikaituma kwa WhatsApp.

Mama mukubwa aliiona ile picha kwa simu ya mutoto wake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Korona ya Koko ndiyo ilikuwa kali kuliko ya ule mukubwa?"

Swali hili ndilo linanifanya nikatae neno "unafiki". Unafiki ni jambo la moyo wa mutu, na moyo wa mukubwa haunihusu. Mama mukubwa hakuuliza habari ya moyo. Aliuliza kama kanuni ile ilikuwa ya ugonjwa au ilikuwa ya watu wadogo. Kama ilikuwa ya ugonjwa, basi ilipaswa kumukamata kila mwenye pumzi. Kama mutu fulani alipita bila kukamatwa, ina maana tulidanganywa juu ya kazi yake. Hii ni hesabu, na yeye ambaye hakumaliza la primaire aliifanya haraka kuliko mimi.

Tuangalie Nairobi, maana kule angalau habari ilifika mupaka tribunali na mutu anaweza kuifuata. Kenya ilianza kufungia watu usiku tarehe 27 mwezi wa tatu 2020. Ndani ya siku kumi za kwanza, kwa hesabu ya Human Rights Watch, watu wasiopungua sita walikufa kwa mikono ya polisi waliokuwa wanasimamia saa hizo. Kule Kiamaiko, mutoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye balkoni ya nyumba yao. Hakuwa hata barabarani. Sasa songea mbele miezi mine. Usiku wa kuamkia tarehe 18 mwezi wa saba, polisi wanamukuta seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja, katika baa moja ya Kilimani, karibu saa saba ya usiku, wakati saa ya kufunga ilikuwa saa tatu. Na si seneta yeyote tu: ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kufuatilia korona! Yaani mutu ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia kama kanuni zinafuatwa.

Niseme pia haki yake. Alikubali kosa mbele ya hakimu, aliomba musamaha, akaacha kiti cha kamati, akalipa faini ya shilingi 15,000. Kwetu huku sijaona hata nusu ya hayo. Yule mukubwa wa kilio, hakuna aliyemuuliza hata bei ya ng'ombe. Kwa hiyo wale wanaosema Sakaja ni mufano mubaya kuliko wote, mimi naona wanakosea. Alisimama mbele ya hakimu.

Lakini tazama bei. Mumoja alilipa 15,000 na akalala nyumbani kwake. Mwingine alilipa mutoto. Mwezi wa munane 2022 watu wa Nairobi walimuchagua Sakaja kuwa gavana wao. Wako wanaosema walisamehe, wako wanaosema walisahau. Mimi nafikiri wengi wao hawakuwa wameamini kwamba saa zile za usiku zilikuwa za ugonjwa. Waliziona kama rungu ya polisi, na mutu akiponyoka rungu, hata awe seneta, nani atamukasirikia kweli?

Musiseme ni Afrika tu. Usiku wa tarehe 16 mwezi wa ine 2021, watu wa ofisi ya waziri mukuu wa Uingereza walikuwa katika pombe ndani ya Downing Street. Kesho yake malkia wao alimuzika mume wake, amekaa peke yake kwa benchi ya kanisa, kashene usoni, juu kanuni ilisema watu 30 tu na wakae mbali mbali. Boris Johnson mwenyewe alipigwa faini na polisi mwaka uliofuata, kwa mukutano mwingine wa 2020. Nilipoisoma habari ile nilimukumbuka mama mukubwa chini ya mugomba. Malkia naye aliwekwa mbali na maiti yake, na wenye kuandika kanuni wako katika muziki.

Ila kule walikuwa na zoezi la kuamini Leta, ndiyo maana iliwauma sana. Sisi zoezi hilo tulikuwa nalo wapi?

Kumbukeni Ebola. Tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2018 Martin Fayulu alifanya mukutano wa kampeni Beni, umati mukubwa, na Leta haikusema Ebola inakataza. Masoko yalikuwa wazi, makanisa wazi. Tarehe 26 mwezi ule ule, siku ine tu mbele ya uchaguzi, CENI ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura mupaka mwezi wa tatu, sababu ya Ebola na usalama mudogo. Raisi mupya alikula kiapo tarehe 24 mwezi wa kwanza. Kura za zaidi ya milioni moja ya watu ziliondolewa hivyo. Kesho yake ya lile tangazo watu wenye hasira walivamia kituo cha kupokea wagonjwa wa Ebola pale Beni. Na tarehe 30 wengine walijipangia uchaguzi wao wenyewe barabarani: walipanga mustari, wakanawa mikono mumoja mumoja, wakatumbukiza karatasi. Sikilizeni vizuri hapo: walinawa mikono! Hawakuwa wanakataa ugonjwa. Walikataa ugonjwa kutumiwa kama kufuli ya wengine tu.

Wasomi wa Goma na Kinshasa waliwaita "wajinga wanaochoma kituo cha afya". Kuchoma kituo ni kosa, sina maneno mengine, na waliolipa ni wagonjwa. Ebola ile ilimaliza watu 2287 mbele haijatangazwa kuisha mwezi wa sita 2020. Lakini ni nani aliyeichanganya afya na siasa wa kwanza? Haikuwa yule kijana wa Beni.

Na ile ripositi yenyewe, mulijua majipu yake. Waziri wa afya aliyeisimamia, Oly Ilunga, alihukumiwa miaka mitano kwa kula pesa za Ebola, zaidi ya dola 400,000. Hukumu ilitoka tarehe 23 mwezi wa tatu 2020. Tarehe 24, Raisi Tshisekedi akatangaza hali ya dharura ya korona. Siku moja tu katikati. Yaani jioni hii redio inakwambia waziri wa afya alikula pesa ya ugonjwa, na jioni ya kesho redio ile ile inakwambia utii wizara ya afya. Halafu tunashangaa mama wa sokoni anaposema korona ni biashara.

Na siyo wizara tu. Tarehe 9 mwezi wa saba 2020, hali ya dharura ikiwa bado, wafuasi wa UDPS, chama cha Raisi mwenyewe, walijaa barabarani Kinshasa juu ya mambo ya CENI. Sisemi sababu yao ilikuwa mbaya. Nasema ile 20 ya Koko ilikuwa wapi siku ile?

Kuna kitu kingine ambacho mutu wa Masisi na Walikale anakielewa kuliko mutu wa Nairobi. Kwetu, kanuni haifiki peke yake, inafika na bariere. Unapita bariere ya Leta, unalipa. Kilometa chache mbele kuna bariere ya wale wengine, munawajua, unalipa tena. Kuna lala salama, kuna jeton ya kila mwezi. Hakuna anayeuliza jeton inaponya nini. Unainunua ili upite. Kwa hiyo kashene ilipokuja, watu waliiweka katika mufuko ule ule wa jeton: kitu cha kuonyesha kwa bariere. Niliona motari watano wakizungusha kashene moja, kila mumoja anaivaa akifika kwa polisi, akivuka anaitoa na kumurudishia mwenzake. Nilicheka siku ile. Sasa naona kwamba hata mimi, na daftari yangu mulangoni kwa Koko, nilikuwa bariere tu. Na kama kila bariere, nilikuwa na watu wa kupitisha na watu wa kuzuia.

Ndiyo maana sikubaliani na mwenzetu wa juma iliyopita. Akisema "ni wanafiki, tuachane", anaifanya iwe habari yao peke yao. Kilio kile cha siku tatu hakikujazwa na wakubwa. Wakubwa walikuwa labda kumi. Wengine wote tulikuwa sisi: wenye lisansi wanaotafuta kazi, ma-finaliste wenye shati ya kuazima, tunasema "Honorable" na "Excellence" mbele ya sahani. Mukubwa hawezi kuvunja kanuni ya watu 20 akiwa peke yake, anahitaji wengine mia tatu, na wale mia tatu walikuja kwa hiari yao. Baadhi yao wako wanasoma hapa. Kazi, kwa wenye kutaka kujua, sikupata.

Ningependa tuache kuandika "viongozi wetu" kila mara na tuanze kuandika nani, siku gani, na sisi tulikuwa wapi. Najua si rahisi, hata mimi nimeshindwa kutaja jina hapo juu, na munajua sababu: barabara ya kurudi nyumbani ni moja. Basi angalau ile sehemu ya mwisho, sisi tulikuwa wapi, hiyo haina bariere.

Mwaka wa 2024, wakati habari za mpox zilianza kuenea Kivu, reko mupya, binti mudogo, aliniomba nimusindikize kwa mama mukubwa, kwani alikuwa amemufungia mulango mara mbili. Tulienda watu watatu. Mama mukubwa alitufungulia aliponiona, akatoa viti, akaweka kimoja, cha pili, akasimama na cha tatu mukononi.

"Leo munakubali wangapi?" akaniuliza.