Jicho Zima

Tazama ukucha wa kidole chako cha mwisho. Hirizi nyingi za Misri ya kale zingeenea juu yake. Katika upana huo fundi alitengeneza nyusi, mboni na ule mchirizi unaoshuka shavuni kama alama ya kipanga, kisha akaacha tundu la uzi. Hilo ndilo jicho la mungu Horus, ambalo mungu Seth alilijeruhi na mungu Thoth akaliponya. Wamisri waliliita wedjat, yaani lililo zima. Sisi tunaoulizana "u mzima?" kila asubuhi tunaelewa mara moja kwa nini mama angelitaka lining'inie shingoni mwa mwanawe.

Watu husifu dhahabu ya Misri. Mimi nasifu fayansi.

Fayansi si udongo wa mfinyanzi. Ni mchanga mweupe uliosagwa mpaka ukawa unga, ukatiwa chokaa, magadi na shaba kidogo, ukakandwa kwa maji. Kinyunya chake ni kikaidi: ukikikunja kinapasuka, ukizidisha maji kinalegea na kubwagika. Kwa hiyo fundi alikibana ndani ya kalibu ya udongo uliochomwa. Huko Amarna, mji wa Farao Akhenaten, wachimbuaji wameokota kalibu za namna hiyo kwa maelfu. Kisha fundi akakiacha kinyunya kikauke, na hapo ndipo kazi inaponipendeza kuliko popote. Maji yanapotoka, magadi huyafuata hadi juu na kuganda kama ukungu mweupe, sawa na chumvi inavyobaki juani maji ya bahari yakikauka. Tanurini, kwenye joto la nyuzi 800 au zaidi, ukungu ule huyeyuka na kuwa kioo, na shaba huutia buluu. Hakuna aliyeupaka. Mng'ao umetoka ndani ya kitu chenyewe. Wamisri waliiita fayansi tjehnet, kile king'aacho. Feruzi ilichimbwa Sinai, na lapis lazuli ilitoka mbali, Afghanistan. Asiyeweza kuzinunua alipata buluu yake hapa, katika mchanga na magadi.

Na mawe nayo yalikuwa na shida yake. Akiki ni ngumu, na shanga isiyo na tundu ni kokoto tu. Katika mchoro uliotoka kaburi la Sobekhotep huko Thebes, wa karibu mwaka 1400 kabla ya Kristo, ambao sasa uko British Museum, fundi wa shanga anapekecha mawe kwa uta mmoja unaozungusha keke kadhaa kwa pamoja. Fundi wa majahazi wa pwani yetu angeitambua zana ile bila kuambiwa. Tofauti ni kwamba yeye hutoboa mbao ya jahazi, na yule alitoboa punje ya jiwe, akijua kuwa ikipasuka mwishoni kazi yote imepotea.

Walio hai walizivaa hirizi hizi. Lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya giza. Mwanaakiolojia Howard Carter alilifikia kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922, na miaka 3 baadaye maiti ilipofunguliwa, ndani ya sanda mlikuwa na vitu 143, vito na hirizi, vimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila kimoja mahali pake mwilini. Waliovitengeneza waliamini kwamba hakuna jicho la mtu aliye hai litakaloviona tena. Hata hivyo hawakupunguza umakini. Kwao, hirizi iliyofanywa ovyo ingekuwa kinga yenye ufa, na aliyelala mle asingekuwa na njia ya kulalamika. Uaminifu wa namna hiyo naustahi kuliko uzito wa dhahabu yoyote.

Ukijaliwa kuingia kwenye makumbusho yenye vitu vya Misri, usiishie kwenye barakoa na majeneza. Sogea kwenye kabati la vitu vidogo, inama, na utafute tundu la uzi.