Phantom Island: King Gizzard Wameita Okestra, na Moto Umewaka

Jamani, hiki kitu si cha kusikiliza kwa sauti ndogo. Albamu inaitwa Phantom Island, bendi ni King Gizzard & the Lizard Wizard kutoka Melbourne, Australia, na wimbo wa kwanza tu, ule uliobeba jina la albamu, umeniinua kitini. Mdundo unakwenda kwa madaha, besi inatembea, waimbaji wanapokezana maiki, mara okestra inamwagika: fidla juu, tarumbeta katikati, filimbi zinazunguka pembeni. Ukidhani umeshajua wimbo unaelekea wapi, unageuka, unapanda, unalipuka. Hii ni albamu yao ya 27 tangu waanze mwaka 2010. Ishirini na saba! Na bado wana njaa.

Imetoka tarehe 13 Juni 2025 chini ya lebo yao wenyewe, p(doom) Records, ikiwa na nyimbo 10. Asili yake inavutia kama muziki wenyewe. Mwaka 2023 walipiga Hollywood Bowl, ukumbi wa wazi wa Los Angeles ambao okestra ya Los Angeles Philharmonic huutumia wakati wa kiangazi, na huko nyuma ya jukwaa wakapiga soga na watu wa okestra hiyo. Wazo likabaki kichwani. Baadaye, walipokuwa wakirekodi Flight b741, albamu ya roki ya kizamani iliyotoka Agosti 2024, walijikuta na nyimbo nyingine 10 ambazo hazikukaa sawa na zile za albamu hiyo. Bendi nyingi zingezifungia kabatini. Hawa walizipeleka kwa Chad Kelly, mpangaji wa muziki kutoka Uingereza, naye akaziandikia sehemu za okestra juu ya kile walichokuwa wameshakirekodi.

Hapo ndipo penye hatari. Bendi za roki zilizoita okestra zikaambulia mapambo ya ukumbi wa harusi ni nyingi: fidla zinalia kwa mbali, gitaa limenyamazishwa, kila mmoja anaogopa kumkanyaga mwenzake. Hapa sivyo. Kelly amezipa fidla na tarumbeta kazi ya kweli. Zinajibu, zinachokoza, zinamkatisha mwimbaji katikati ya sentensi. Sikiliza Deadstick. Ndege imezimika injini angani, rubani anatafuta pa kutua, na bendi nzima inashangilia kana kwamba kuanguka ni sherehe. Vyombo vya kupuliza vinasukuma kila mstari mbele, na dramu za Michael Cavanagh hazimpi mtu nafasi ya kupumua. Huo ndio wimbo utakaorudia mara mbili kabla hujaendelea.

Kisha mambo yanageuka ya moyoni. Spacesick inamweka msafiri wa angani mbali na kwao, lakini huhitaji kuambiwa kwamba anayeimba ni mwanamuziki aliyechoka kulala hotelini. Sea of Doubt inapunguza mwendo, na hapo okestra inafanya jambo gumu kuliko kelele zote: inajizuia. Grow Wings and Fly inafunga albamu kwa kiitikio kinachopaa, fidla zikiwa zimefunguka kabisa. Stu Mackenzie, kiongozi wa bendi, na wenzake wamewahi kuimba kuhusu mazimwi na maangamizi ya dunia. Sasa wanaimba upweke, mashaka na hamu ya nyumbani. Utundu umebaki, ila umekua.

Kwa asiyewajua, ngoja nimpitishe njiani haraka. Albamu yao ya kwanza, 12 Bar Bruise ya mwaka 2012, ilikuwa vurugu ya gereji hasa. Wimbo uliobeba jina lake ulirekodiwa kwa simu nne zilizopangwa kuzunguka chumba. Mwaka uliofuata wakatoa hadithi ya kikauboi, Eyes Like the Sky, ikisimuliwa na Broderick Smith, baba yake Ambrose Kenny-Smith, mpiga harmonika na kinanda wa bendi. Mwaka 2015 ikaja Quarters!, nyimbo nne, kila mmoja una dakika 10 na sekunde 10 kamili. Mwaka 2016 ikaja Nonagon Infinity, ambayo kila wimbo unaingia ndani ya unaofuata, na wa mwisho unakurudisha kwenye wa kwanza, hivyo albamu inaweza kuzunguka usiku kucha bila mshono kuonekana. Halafu mwaka 2017 wakatoa albamu tano. Tano, ndani ya mwaka mmoja!

Moja ya hizo tano nawapa hasa ninyi wenzangu wa pwani. Inaitwa Flying Microtonal Banana, na kwa ajili yake walitumia magitaa yenye vigawanyo vya ziada shingoni ili wafikie sauti zinazojificha kati ya vitufe vya piano. Wasikilizaji wengi wa roki walibaki mdomo wazi. Sisi tuliokulia kwenye udi, kanuni na fidla za taarabu ya Unguja tunazijua sauti hizo, kwa sababu maqamu za Kiarabu zimejaa sauti za namna hiyo. Mpigie mzee wa taarabu wimbo uitwao Rattlesnake kutoka albamu hiyo, uone kama hatatikisa kichwa, walau kabla hajaomba upunguze sauti.

Hawakuishia hapo. Infest the Rats' Nest ya mwaka 2019 ni metali ya kasi na hasira, inayosimulia matajiri wakikimbilia Mars na kuwaacha maskini kwenye dunia iliyoharibika. Oktoba 2022 pekee ilileta albamu tatu. The Silver Cord ya mwaka 2023 ikaweka magitaa pembeni na kukumbatia vinanda vya umeme, ikitoka kwa matoleo mawili, fupi na refu. Ukitazama mfululizo huu unaelewa kwamba okestra ya Phantom Island si taji la uzeeni. Ni chombo kingine tu ambacho walikuwa hawajakigusa.

Na hili ndilo linalonifanya niwashabikie kwa nguvu zote: wanathubutu kwa sababu kazi ni mali yao. Hakuna bosi wa kuwaambia mashabiki wamechoka, subirini miaka miwili. Hakuna wa kuuliza metali itauzwaje kwa waliopenda jazi. Mwaka huohuo wa 2017 walitoa Polygondwanaland bure kabisa, wakaweka hadharani rekodi zenyewe pamoja na michoro ya jalada, na kumruhusu yeyote duniani kuichapisha kwenye santuri na kuiuza. Lebo ndogondogo katika nchi nyingi zikaichangamkia. Katika ziara ya Marekani ya mwaka 2024 walirusha maonyesho yao moja kwa moja YouTube bila malipo. Na Julai 2025, Phantom Island ikiwa na mwezi mmoja tu sokoni, wakauondoa muziki wao Spotify kupinga uwekezaji wa Daniel Ek, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, katika Helsing, kampuni ya teknolojia ya kijeshi inayounda ndege zisizo na rubani. Kisha wakaziweka albamu zao Bandcamp kwa bei anayoitaja mnunuzi mwenyewe. Bendi yenye mkataba wa kawaida ingeanzia wapi kufanya hivyo?

Jukwaani nako ni moto wa kuotea mbali. Mwaka 2022, kwenye ukumbi wa miamba wa Red Rocks huko Colorado, walipiga maonyesho matatu, kila moja la saa tatu, bila kurudia wimbo hata mmoja. Katikati ya mwaka 2025 wakazunguka Marekani wakipiga na okestra katika miji mbalimbali, na mwezi Agosti wakarudi palepale Hollywood Bowl, safari hii na okestra nyuma yao. Hebu fikiria: bendi inayojulikana kwa kubadili wimbo hewani kwa ishara ya jicho, inakaa na makumi ya wanamuziki wanaosoma noti kwenye karatasi. Nidhamu na ukorofi kwenye jukwaa moja. Nani asiyetaka tiketi?

Je, kazi haina kasoro? Inazo. Katikati ya albamu kuna nyimbo mbili tatu ambazo mwendo wake unafanana, na masikio yanaanza kutafuta mahali pa kushika. Kuna nyakati sauti ya mwimbaji inazama kwa sababu fidla, tarumbeta na magitaa matatu vyote vinataka kusema kwa pamoja. Na kwa kuwa nyimbo zilirekodiwa kabla okestra haijaalikwa, pako mahali unasikia mgeni amekuta chakula kimeshapakuliwa, anatafuta pa kukaa. Mpenzi wa metali naye ataona amenyimwa haki yake. Hizo ni kasoro za watu waliorusha mawe mbali, na mimi naona ni afadhali hivyo kuliko albamu safi isiyothubutu lolote.

Ninachokitaka sasa ni hatua ya pili: wakae na Kelly tangu siku ya kwanza, kabla ya gitaa kuchomekwa, waandike nyimbo ambazo haziwezi kuwepo bila okestra. Phantom Island imethibitisha kwamba wanaweza. Bendi changa inayofanya mazoezi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ina la kujifunza hapa hata kama haitamiliki fidla maishani: shikilia haki za kazi yako, toa nyimbo ukiwa bado na moto nazo, na siku ukikutana na fundi asiye wa ulimwengu wako, mpe nyimbo ulizotaka kuziacha kabatini.

Kwa anayeanza leo: fungua na Deadstick, fuata na wimbo wenye jina la albamu, kisha Spacesick usiku taa zikiwa zimezimwa. Ukinasa, rudi nyuma kwenye Nonagon Infinity na Flying Microtonal Banana. Baada ya hapo utakuwa na albamu 24 za kuzimaliza, na kwa kasi ya hawa jamaa, kabla hujamaliza watakuwa wameshaongeza nyingine.